Sura ya Tisa: Shungi la Jumapili

Harufu iliwapokea mlangoni. Ilikuwa harufu ya mafuta ya nywele za wanamieleka, tamu kama peremende iliyoyeyukia mfukoni, nayo ilikuwa imeshika kila kitu ukumbini: mazulia, mito ya kukalia, hata mishikaki ya kuku iliyokuwa inauzwa koridoni. Inspekta Hirukawa Tomoe alikuwa ameizoea tangu Jumatano, siku alipokabidhiwa faili. Kuizoea hakukumfanya aipende. Alivua viatu, akavisukumia pembeni mwa kizimba chao cha watazamaji, akakaa juu ya mto na kuanza kupumua kwa mdomo.

Sajini Orito alikuwa amekwisha kufungua kisanduku cha chakula.

"Kula, bosi. Serikali haitatuleta tena huku."

"Kula wewe. Mimi nimekuja kutazama nywele."

Orito alilamba mchuzi kidoleni. Alikuwa mpenzi wa mieleka tangu utotoni, na jambo hilo Tomoe alikuwa amemsamehe, ila kidole hakumsamehe. Alimtupia leso ya karatasi.

Chini, kandokando ya jukwaa la udongo, waamuzi wa zamu ya mwisho walikuwa wanaingia mmoja mmoja wakiwa na mavazi meusi ya heshima. Wa tatu alikuwa Mizugaki, mkuu wa kambi ya Mizugaki, mtu wa miaka hamsini na tisa, mwenye shingo nene na macho madogo yaliyotulia. Aliinama, akakaa, akaweka mikono juu ya mapaja. Mwamuzi akishakaa hapo hainuki mpaka zamu yake iishe. Mwanamieleka wa kilo mia na sabini anaweza kumwangukia mapajani, naye atajikung'uta mchanga na kukaa tena kama alivyokuwa. Ndiyo maana Tomoe alikuwa ameichagua Ijumaa hii. Tangu Jumatano hakuwa amefanikiwa kuzungumza na mtu hata mmoja wa kambi ile bila Mizugaki kuwa kando, akimimina chai na kumalizia sentensi za watu.

Faili yenyewe ilikuwa nyembamba. Jumapili jioni, msusi wa kambi, ambaye jina lake la kazi lilikuwa Tokokaji, alikutwa amekufa chini ya ngazi za nyuma zinazopanda chumbani kwake. Daktari Usui, tabibu na mfadhili wa kambi, alifika kabla ya polisi, akaandika kwamba marehemu alivunjika shingo kabla ya adhuhuri, wakati wote walipokuwa wanajiandaa kuja ukumbini. Hakuna aliyeupasua mwili kuuchunguza. Jumanne ulichomwa. Tomoe alipoomba kuuona Jumatano alionyeshwa chungu cheupe kilichofungwa kwa kitambaa.

Siku hiyo hiyo Mizugaki alimzuia kwa mkono, kwa adabu, asikatize uwanja wa mazoezi kwenda kwenye ngazi. "Udongo huu haukanyagwi na mwanamke, Inspekta. Utatuwia radhi." Tomoe alizunguka ukutani viatu vikiwa mkononi, huku vijana ishirini wamesimama wakimtazama miguu. Mtu aliyekufa alikuwa ametolewa nje kwa kupitishwa juu ya udongo huo huo, na buti za wabebaji hazikumwudhi mtu.

Kisha kulikuwa na maungamo. Ebisawa, mpishi wa kambi, mwanamieleka wa daraja la chini mwenye miaka thelathini na sita ambaye hakuwahi kufika cheo cha kurusha chumvi jukwaani kabla ya pambano, aliandika kwamba asubuhi ya Jumapili alipiga ngazi sabuni na kusahau kuzisuuza. *Nimemuua kwa uzembe wangu. Kambi haina kosa lolote.* Sentensi ile ya mwisho ilijitokeza mara tatu katika ukurasa mmoja. Mtu anayejutia ngazi huandika habari za ngazi. Huyu alikuwa ameandika habari za kambi. Sasa alikuwa mahabusu kituoni, ameketi wima, anakataa wakili. Kesho asubuhi faili ingekwenda kwa mwendesha mashtaka kama ilivyo, na mkuu wa kituo alikuwa amekwisha kusema haoni sababu ya kuichelewesha. Baada ya hapo Ebisawa angekuwa mwuaji kwa uzembe maisha yake yote, na kifo cha Tokokaji kingekuwa kifo cha sabuni.

"Usui yule pale," Orito alisema huku akitafuna. "Safu ya mbele kabisa, kimono cha kijivu."

Daktari alikuwa anapiga makofi kwa ncha za vidole. Alionekana mtu mwenye afya njema.

Katika kizimba cha jirani alikuwa amekaa bibi mmoja peke yake, amejitandaza juu ya mito yote minne, na chupa ya pombe ya sake imesimama katikati ya magoti. Alijitambulisha kwa jina la Sekine bila kuulizwa.

"Mara yako ya kwanza, mwanangu? Naona. Umekaa kama mtu aliyekuja kupima maiti."

"Ni mara ya kwanza, bibi."

"Basi usimtazame uso mwanamume yeyote hapa. Tazama kisigino. Uso hudanganya. Na huyu mumeo mwambie apunguze kuku, atakuja kuvishwa mkanda wa mieleka."

"Si mume wangu."

"Mungu amekuhurumia," alisema bibi Sekine, akajimiminia.

Mwanamieleka aliyefuata aliitwa Fukamidori, mtu mfupi mpana kutoka kambi iliyo ndugu na ya Mizugaki. Alipokea kata ya maji, akasukutua, akatema nyuma ya kipande cha karatasi. Mate yalichuruzika kidogo kidevuni, akayafuta na karatasi ile ile. Watu elfu kumi walimtazama kwa unyenyekevu. Tomoe alitazama shungi. Nywele zilikuwa zimevutwa nyuma na kufungwa kwa uzi wa karatasi, kisha ncha yake imetanuliwa juu ya utosi mfano wa jani pana. Jani hilo ni la wanamieleka wenye cheo, na la siku za mashindano. Halisukwi kambini, maana lingelaliwa na kuvurugika garini; husukwa hapa ukumbini, katika chumba cha maandalizi, na kila msusi humfuata mtu wake.

Fukamidori alipigana kwa purukushani, akapigwa vibao vya uso vilivyosikika mpaka juu, akasukumwa, akaangukia mabega. Aliinuka na mchanga mgongoni. Jani lake lilikuwa mahali pake.

"Kazi ya Tokonagi," Tomoe alisema.

"Ndiyo. Anamsuka tangu zamani," Orito alijibu. "Fundi mzuri, bosi. Hakuna anayesema vingine."

"Sijasema vingine."

Tokonagi alikuwa shahidi wake mkuu, au shahidi mkuu wa Mizugaki. Kulingana na taarifa, Jumapili mchana Onigase, nyota wa kambi, alifika ukumbini bila msusi, kwa kuwa Tokokaji alikuwa amebaki nyumbani, na hakuna aliyejua kwamba alikuwa maiti. Tokonagi wa kambi ndugu akamsuka Onigase kwa hisani, na ameendelea kumsuka kila siku tangu hapo. Tokonagi alithibitisha. Tomoe aliwauliza wasusi wengine waliokuwa chumbani siku ile. Wote walijibu jibu moja, kama watoto wanaoimba darasani: nilikuwa natazama kichwa nilichokishika.

Mwitaji alipanda jukwaani na upepeo wake, akavuta jina la Onigase mpaka likajaa ukumbini. Watu walipiga makelele. Onigase alikuwa mrefu, mweupe, mwenye uso wa mtu anayesinzia. Ushindi zaidi kidogo ungempandisha cheo ambacho kambi ile haikuwahi kukipata. Alichota chumvi, akairusha juu, akajipiga mkanda. Alipogeuka, Tomoe aliona ameweka kiganja juu ya sikio la kulia, akakiondoa haraka.

"Anahesabu pumzi," alisema Orito.

"Ameshika kichwa."

Walichuchumaa, wakatazamana, wakarukiana. Paji la uso lilikutana na paji la uso kwa mlio mkavu. Uzi ulikatika papo hapo. Nywele za Onigase zilimwagika mabegani na usoni, laini, zenye mawimbi, zikanata kwenye jasho na midomo. Akapigana kama mtu aliyefunikwa na mwani. Alimkamata mwenzake mkanda, akambeba mpaka nje ya duara, akamtupa mapajani mwa mtazamaji.

"Loo, bi harusi katoka bafuni," bibi Sekine alisema kwa sauti, na vizimba vitatu vikacheka. "Kashinda, lakini tazama. Tangu Jumatatu ni hivyo hivyo. Wamempa msusi au wamempa mchunga mbuzi?"

"Na Jumapili, bibi?" Tomoe aliuliza.

"Jumapili si walipigana mpaka refa akawasimamisha wakanywe maji? Nilikwenda msalani nikarudi, bado wameshikana. Na lile jani, mwanangu, utadhani limechongwa. Nilimwambia marehemu mume wangu."

"Marehemu?"

"Huwa namwambia," alisema bibi Sekine.

Orito aliinamia sikio la mkubwa wake. "Bosi, inawezekana leo kavutwa."

"Kuvuta nywele ni kosa. Mpinzani angepoteza pambano. Waamuzi watano wamekaa pale, na mmoja ndiye baba yake wa kambi. Hakuna aliyeinua mkono. Wala Jumatatu, wala Jumanne, wala Jumatano, wala jana. Nimetazama picha zote."

"Basi labda Tokonagi amechoka. Vichwa viwili si kimoja."

"Fukamidori ndiye kichwa cha kwanza, na hakuna unywele uliosogea. Kwa hiyo fundi hajachoka. Hazijui nywele za Onigase, basi. Zina mawimbi na hazishiki mafuta. Mtu asiyezijua anaweza kushindwa siku ya kwanza, akajifunza, akafaulu ya tano. Huyu ameshindwa siku zote, isipokuwa ya kwanza, tena siku yenye pambano refu kuliko yote. Mafunzo hayarudi nyumanyuma, Orito."

Orito aliweka mshikaki chini.

"Onigase sasa anakwenda kuoga," Tomoe aliendelea. "Msusi anasubiri nje na kichana. Mizugaki hawezi kuinuka mpaka pambano la mwisho. Vaa viatu."

Mizugaki aliwaona wakiinuka. Macho yake madogo yaliwafuata juu ya ngazi za ukumbi, lakini mikono ilibaki mapajani. Jukwaani walikuwa wamekwisha kupanda wawili wengine, na kazi yake ilikuwa kuwatazama hao.

Tokonagi alikuwa amechuchumaa koridoni kando ya mashine ya vinywaji, akipitisha uzi kati ya meno ya kichana na kutoa uchafu mweusi, mzito, uliojaa nywele fupi. Aliupangusa kwenye gazeti, tonge kwa tonge. Vidole vyake vilimeremeta mpaka kwenye vifundo. Alipomwona Tomoe alisimama.

"Tulikwisha kuzungumza, mama."

"Tulizungumza Bwana Mizugaki akiwa kati yetu. Leo amekaa."

Orito alipita, akasimama mbele ya mashine, akaanza kuchagua kinywaji kwa uangalifu wa mtu anayechagua mke. Kutoka upande huo hakuna aliyeweza kupita bila kumgusa.

"Ataniita akitoka bafuni," Tokonagi alisema.

"Ataita. Fukamidori ni mtu wako?"

"Tangu aanze kufuga nywele."

"Shungi lake leo limesimama."

"Husimama."

"La Onigase limeanguka."

"Kapigwa kichwa."

"Na Fukamidori kapigwa makofi saba. Jumatatu lilianguka kwa nini?"

"Jasho."

"Jumanne?"

"Mama, nywele zake ni mbishi. Laini kama za mtoto mchanga. Ukivuta huku zinatoka kule. Hata ukipaka mafuta yote ya mjini."

"Nakubali. Na Jumapili alikuwa na nywele za nani?"

 Mtu mmoja wa usafi alisukuma toroli la mabaki ya vyakula kupita. Mifupa ya kuku ilikuwa inacheza ndani ya ndoo. Tomoe alingoja lipite.

"Jumapili nilibahatika," alisema msusi.

"Wasusi hubahatika?"

"Mara moja moja."

"Nani alikufundisha kazi?"

Alitazama kichana. "Unajua aliyenifundisha."

"Nataka kusikia."

"Tokokaji. Nilianzia kambi ile kabla sijahamishwa. Miaka minane nilikaa nyuma yake. Nikifunga uzi anaukata, ananiambia tena. Nikifunga tena anaukata. Hasemi kosa liko wapi. Anasema kichwa ndicho kitakwambia."

"Ulikwenda kumfukizia ubani?"

"Nilikuwa na kazi."

"Onigase alikwenda?"

Tokonagi alianza kulikunja gazeti lenye uchafu.

"Nisikilize vizuri," Tomoe alisema. Sauti yake haikupanda. "Nikitoka hapa naandika taarifa, na faili inaondoka asubuhi. Nitaandika kwamba shungi la Jumapili, lile ambalo nchi nzima ililitazama, lile ambalo halikutikisika hata walipokwenda kunywa maji wakarudi kushikana, lilikuwa kazi ya mkono wako. Ndivyo ulivyosema mbele ya Mizugaki. Nitaandika pia kwamba haya manyoya yaliyomwagika leo, watu wakacheka, ni kazi yako vilevile. Mkono mmoja. Sema ndiyo kwa mara ya mwisho, nitakuamini, nitaondoka. Ebisawa atakwenda mahakamani, na kazi ya mwisho ya mwalimu wako itabaki na jina lako."

Ukumbini umati ulinguruma, kisha ukanyamaza ghafla. Chumvi ilikuwa inarushwa tena. Tokonagi alikipangusa kichana ambacho kilikuwa safi. Alikipangusa upande mmoja, akakigeuza, akapangusa upande wa pili.

"Si mkono wangu," alisema.

"Sema vizuri."

"Jani la Jumapili si mkono wangu. Mkono wangu haujafika pale. Alimsuka mwenyewe, Tokokaji, pale kwenye mkeka wake wa siku zote. Alikuja kwa gari la Onigase kama kila siku. Mafuta yake yalikuwa yamekwisha, akachota kwangu bila kuomba. Akaniambia mafuta mazuri yanaharibikia kwenye mikono ya wajinga." Alikaribia kutabasamu, akaacha. "Wote walimwona. Chumba kizima."

"Nani alikwambia useme vingine?"

"Bwana Mizugaki. Jumatatu asubuhi alikuja kambini kwetu kabla ya chai. Akasema, wewe ndiye uliyemsuka Jumapili, si ndiyo? Mkuu wangu alikuwa amekaa kando. Akatikisa kichwa, na mimi nikatikisa kichwa."

"Bila kuuliza?"

"Mama, wewe hujakaa kambini."

"Sijakaa. Aliondoka hapa saa ngapi?"

"Baada ya mapambano. Jua lilikuwa linazama. Hakulifungua jani. Walikuwa na maneno."

"Nani na nani?"

Tokonagi alitazama mgongo wa Orito. Orito alibonyeza kitufe. Kopo la chai likaanguka ndani ya mashine kwa kishindo, naye hakuinama kulichukua.

"Tokokaji alikuwa ameona kitu kichwani kwa Onigase. Hapa, juu ya sikio la kulia. Uvimbe, lakini si mgumu. Laini. Ukibonyeza unabonyea kama tunda lililooza, na yeye Onigase anaona kizunguzungu. Aliuona akimsuka, akanyamaza mpaka pambano liishe. Ndivyo tulivyofundishwa, kichwa kinachokwenda kupigana hakiambiwi neno baya. Walipomaliza akamwambia Bwana Mizugaki kwamba huyu asipande tena, apelekwe hospitali. Daktari Usui alikuwepo. Akasema ameshamwangalia, ni jipu. Tokokaji akasema, jipu nalijua, nimekamua ya watu wengi kuliko wewe. Akasema kama hawaendi, kesho yake yeye atakwenda kwa wakubwa wa chama cha mieleka awaambie."

"Wakasema nini?"

"Walicheka. Bwana Mizugaki akamshika bega, akamwambia, kaka, panda gari, tukazungumze nyumbani."

"Akapanda."

"Akapanda. Katikati, kati ya daktari na Onigase. Nilimwona kupitia kioo. Alikuwa bado ameshika uzi mdomoni, alisahau kuutoa."

Tomoe aliandika mistari minne katika kitabu chake.  "Wewe umekishika kichwa hicho hicho tangu Jumatatu. Uvimbe upo?"

"Upo."

"Umekua?"

"Kidogo."

"Unaufanyaje?"

Tokonagi aliinua kichana, akachora hewani nusu duara ndogo, kwa ustadi.

"Nauzunguka," alisema.

 Tomoe alionekana kama mtu aliyekuta kitu kwenye chakula chake. Kisha akafunga kitabu.

"Orito."

"Nipo, bosi."

"Tafuta daktari wa zamu wa ukumbi, au yeyote mwenye cheti ambaye hajakaa safu ya mbele. Mtu huyu asipigwe kichwa kesho. Akikataa, mwambie ni shahidi wangu, na shahidi nataka akiwa hai. Kisha piga simu kituoni, waende wakafunge chumba cha Tokokaji na ngazi zile. Gari la Onigase lisiondoke hapa."

"Na Usui?"

"Usui aendelee kupiga makofi. Mwekee askari mmoja mlangoni."

Orito aliondoka. Mlango wa chumba cha maandalizi ulifunguka, mvuke wa bafu ukatoka pamoja na wimbi la harufu ile, na sauti ya usingizi ya Onigase ikaita, "Toko. Njoo unichane."

Tokonagi alisogea kwa mazoea. Tomoe alimshika mkono wa koti. Kitambaa kilikuwa kimelowa mafuta kikateleza, ikabidi akamate kwa nguvu zaidi.

"Hapana. Wewe tunakwenda huku."

Alimwongoza mpaka mwisho wa njia ambayo wanamieleka huingilia, akamsimamisha pale penye taa. Hakuwa na haja ya kumwambia mtu neno. Pambano la mwisho lilikuwa jukwaani; majitu mawili yalikuwa yamekumbatiana, yamejaa mchanga na ute, yanahema. Nyuma yao, upande wa pili wa udongo, Mizugaki aliinua macho. Alimwona msusi. Akamwona mwanamke aliyesimama kando yake, mkono wake ukiwa juu ya koti la msusi. Alitazama kwa muda mrefu kuliko unaoruhusiwa mwamuzi, mpaka jitu moja likaanguka ukingoni na kumrushia mchanga usoni, na refa akaelekeza upepeo kwa aliyemwona mshindi, na mwamuzi mwenzake akamgeukia kumwuliza: mguu ulitoka, haukutoka?

Mizugaki hakuwa ameona. Alikaa, mikono mapajani, mchanga kwenye nyusi, jasho likimshuka shingoni na kupotea kwenye kola nyeusi. Watu elfu kumi walikuwa wanangoja jibu lake. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano hakuwa na sentensi ya mtu ya kumalizia.

Tomoe alimkabidhi Tokonagi kwa askari wa doria aliyeitwa na Orito, akatoka mpaka ukumbi wa nje, penye mabango ya nyota. Onigase alikuwa amechorwa akiwa na jani safi kabisa, la mkono wa Tokokaji. Alisimama mgongo ukiwa umelielekea bango, akapiga simu kituoni, akaomba mahabusu Ebisawa aletwe kwenye simu ya mezani.

Alisikia kiti kikilalamika, kisha pumzi nzito.

"Ebisawa. Ni Inspekta Hirukawa. Jumapili Tokokaji alikuja ukumbini, akasuka, akarudi jioni akiwa mzima. Nina shahidi. Kwa hiyo hakuna aliyeteleza kwenye sabuni yako ya asubuhi. Umesikia? Karatasi uliyoandika haina maana tena. Hukuua mtu."

Kiti kililalamika tena.

"Utakaa hapo usiku huu, kwa usalama wako. Kesho nitakuuliza nani alikwambia uandike, nawe utaniambia."

 Nyuma ya pumzi ile alisikia redio ya kituo, mtangazaji akisoma matokeo kwa haraka, sauti yake haishikiki vizuri.

"Inspekta," alisema Ebisawa.

"Sema."

"Hapa redio wameiweka mbali. Leo Onigase ameshinda?"

Tomoe alitazama mkono wake ulioshika simu. Ulikuwa unameremeta kwa mafuta ya lile koti, na harufu ilikuwa imepanda mpaka kwenye mkono wa shati.

"Ameshinda," alisema.

Mpishi alishusha pumzi, ndefu, ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Afadhali," alisema.